Tundu la Mdudu

Chini ya lenzi, herufi moja ya Kigiriki kwenye hati ya mafunjo ilijipinda kukwepa tundu la mdudu.

Mnakili wa kale angeandika kwanza, mdudu aje kula baadaye. Huyu aliandika mdudu akiwa ameshakula na kusaza.

Kisha nikaitambua herufi ile: niliipinda mimi. Mwaka jana mwalimu wangu alinipa kipande kikuukuu cha mafunjo, kitupu. “Nakili Injili hapa, mwanangu, uzoeshe mkono.”

Mkurugenzi wa makumbusho aliegemea mlango. “Haya dada, ni ya kale kweli? Waandishi wa habari wamejaa ukumbini.”

Mwalimu, aliyesimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, mzito, akanisogezea cheti cha uthibitisho na kalamu.

“Ondoa shaka,” akamwambia mkurugenzi. “Hakuna anayeujua mwandiko huu kuliko yeye.”