Kikuba Hospitalini

Swabra alikuja hospitali na kikuba.

Abdulqadir, mumewe, alikinusa kabla hajakiona: kishada cha asumini na rehani, harufu ya chumba chao siku za uarusi. Malindi nzima yajua kikuba ni cha mume, tena cha kitandani. Yeye hakubaniwa hata kimoja tangu kifafa kianze kumzidi. Leo kimebanwa kifuani, mchana kweupe, mbele ya Daktari Mwenda.

Na yeye kalala chali, waya za mtambo wa kupimia moyo zimemjaa kifuani, hata kuinuka akagombana hawezi.

Daktari alikuwa na wasiwasi na moyo wa Abdulqadir. Alisema ugonjwa huenda umeifikia mishipa ya fahamu inayouamsha moyo na kuutuliza bila mwenyewe kujua. Ikiwa imekufa, kuna siku ataanguka kifafa na moyo usirudi. Asubuhi nzima alimsimamisha, akamvutisha pumzi ndefu, akamtumbukiza mkono kwenye maji ya barafu. Moyo ukaenda mwendo ule ule, kama karani wa serikali.

Mwenda akatoka na Swabra ukumbini. Wakanong'ona mno. Kisha Abdulqadir akamsikia mkewe akicheka, kile kicheko cha puani alichodhani ni mali yake peke yake.

Waliporudi, Swabra aliketi upande wa daktari.

"Hii maua inanukia vizuri, mama," akasema Mwenda, kwa Kiswahili chake cha bara.

Mtu wa bara huyu, hajui, Abdulqadir akajipoza. Lakini Swabra alijua. Kazaliwa Shela, hapa hapa Malindi, kakulia Shela. Akakibandua kikuba polepole, akamtilia daktari katika mfuko wa koti jeupe, akaupigapiga ule mfuko.

"Kiweke chini ya mto, daktari. Usiku utanikumbuka."

Abdulqadir akaukazia macho ule mfuko. Masikio yakamvuma, viganja vikamlowa. Alitaka kumwacha pale pale, talaka tatu kwa mkupuo, na waya zake kifuani.

Hakuna aliyemtazama. Wote wawili walikuwa wameukodolea macho mtambo, uliokuwa ukilia mbio mbio, na Swabra machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Si nilikwambia, daktari?" akasema. "Huyu barafu haimwezi. Mume wangu ukitaka kumpima, mpime kwa wivu."