Damu ya Shaibu

Siku yake ya mwisho kazini, Daktari Maulidi hakuifunika hadubini; alimsubiri kwanza Mwanakombo, aliyekuja kila mwaka kuitazama damu yake. Zamani, daktari akiwa bado mtafiti kijana, alimponya saratani ya damu kwa kumpandikizia uboho wa kaka yake, Shaibu.

"Mdogo wangu, sasa nawe utapenda mpira!" Shaibu alitania siku ile, wakacheka wote watatu.

Shaibu alikwishafariki, lakini seli zake zilikuwa bado zinamtengenezea dada yake damu.

Daktari alimchoma Mwanakombo kidole, akaweka tone chini ya lenzi, akampisha. Mwanakombo aliinama, akachungulia.

"Shikamoo, kaka."

Daktari alishika kifuniko cha hadubini, akasubiri. Mwanakombo hakuinua kichwa. Alikuwa bado anangoja kuitikiwa.