Aliyesimama Mstari wa Nyuma

Mkuu wa chuo alitangaza mbele ya wanachuo wote kwamba Sikudhani amefukuzwa kwa sababu ya ujauzito.

"Aliyempa mimba ajitokeze, naye aondoke leo hii!"

Sikudhani alimtazama Mwalimu Semboja, mkufunzi wa hesabu, aliyemwahidi ndoa juzi tu. Mwalimu alikuwa akifuta miwani yake.

"Ni mimi," ikasema sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Lusekelo, mwanachuo ambaye Sikudhani hakuwahi kusemezana naye zaidi ya salamu. Sikudhani akapigwa na butwaa. Lusekelo akaja hadi mbele.

"Wewe! Mbona unajiponza?" Sikudhani alimnong'oneza.

"Twende, dada," alijibu kwa sauti ya chini. Akashika mshikio mmoja wa sanduku la bati la Sikudhani, lililokuwa limeshafungwa miguuni pake, akasubiri ashike wa pili.