Majeruhi au Marehemu

Karani wa hospitali aliandika jina la Mbwana Chande, akabonyeza “Tafuta”. Kompyuta ikagoma.

“Inataka nichague hali yake, dada. Majeruhi au marehemu.”

“Na kama sijui?”

“Haina sijui.”

Tangu soko liporomoke asubuhi, Mwanakheri alikuwa akimtafuta mumewe. “Weka majeruhi.”

Karani akachagua. Hakuna jina hilo.

“Rudia, kaka yangu. Labda umekosea herufi.”

Akarudia. Hakuna.

“We dada, nasi tuna watu wetu!” mtu akafoka kwenye foleni.

Karani akaifungua tena orodha ile fupi. Kishale kikashuka kwenye neno la pili.

Mwanakheri akapenyeza mkono dirishani, akakishika kidole cha karani kisibonyeze. Hina ya harusi ilikuwa bado nyekundu kiganjani mwake.