Nungunungu Aliyeivunja Foleni Yake

Nungunungu, mpiga chapa wa Chuo cha Wanyama, aliipenda foleni ya mlangoni pake, maana kila aliyejipanga alimwamkia. Na nani asiyependa kuamkiwa?

Mwaka mmoja Kobe alifika na tasnifu yake foleni imeshafungwa, akakosa kuhitimu. Nungunungu hakulala. Akaomba Chuo mtambo mpya, akapewa: mwanafunzi atume kazi kwa simu akiwa kwake, ichapwe na kuwasilishwa hapo hapo.

"Umejimaliza!" Kunguru akamcheka. "Nani atakuamkia sasa?"

Kweli, mlango ukabaki mtupu. Kisha siku moja Kobe akatokea, anahema, hana hata karatasi.

"Mwanangu, tasnifu yako tumeshaiwasilisha. Umefuata nini mpaka huku?"

"Nimekufuata wewe, mzee. Shikamoo."