Utepe wa Kijani kwa Bi Hidaya

Mtoto akitimiza miaka minne, mashine ya zahanati humuuliza maswali mara moja tu, kisha hutamka kama atakuja kusoma. Anayeshindwa hapewi kitabu maisha yake yote.

Utepe wa kijani wa waliofaulu ulipepea mlangoni kwa Bi Hidaya. Bi Somoe, jirani yake, aliuonea kijicho mpaka chai ikampoa mkononi.

"Mtoto wangu mdomo haufungi, shoga!" alicheka Bi Hidaya. "Kaijibu mashine kabla haijamaliza!"

Bi Somoe akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, Tunu, mbele ya mashine ulikuwa bubu?"

Tunu akamnong'oneza sikioni. "Bata inaanza na b, bibi. Samaki na s. Lakini mashine ina sauti ya mtu mzima. Si ulinikataza kusema mbele ya wakubwa?"

"Sema kwa nguvu, Bi Hidaya asikie!"

Tunu akamtazama Bi Hidaya, akainamisha macho, akanyamaza.