Sukari Kwenye Midomo ya Papa

Bibiane aliporudi na bidoni mbili za maji, alimkuta papa yake, baba aliyemzaa, jikoni, akikomba sukari kwenye kopo kwa vidole.

Wiki nzima sukari ya damuni mwa muzee ilikuwa ikipanda na kushuka. Daktari alisema kushuka nako huua, lakini Bibiane aliogopa kupanda tu. Asubuhi hiyo alimdunga insulini, akamwambia angoje uji. Kisha maji yakatoka kwenye bomba la mtaa wa Kasha, na foleni ikamshika mpaka saa nne.

"Papa! Unataka kufa?" Akamnyang'anya kopo.

"Kidogo tu, maman. Mwili inatetemeka."

"Kila siku iko vile. Muzee muzima, mwizi wa sukari!"

Muzee alikuwa amefundisha shule miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Chembe nyeupe zilikuwa zimenata midomoni mwake. Bibiane alizipangusa kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, isibaki hata moja. Jasho lilimtiririka muzee shingoni. Bibiane alidhani ni aibu.

Muzee alikaa chini. "Pardon," alisema polepole.

Ili amwonyeshe kosa lake, Bibiane alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine. Alitarajia mia tatu.

Mashine ilionyesha thelathini na mbili. Sukari yake haikuwahi kushuka hivyo.

Alichota sukari kwa kiganja kizima. "Papa, fungula kinywa. Kula, nakuomba. Kula yote."

Meno ya muzee yalikuwa yameshabanana.